Mrushaji wa ligi ndogo hapimwi kwa kasi na mechi alizoshinda

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka huku Texas. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nawasomaga kwenye simu nikitoka zamu ya usiku, na kwa kawaida siandikagi barua, nasoma nacheka napita zangu. Ila ile habari yenu fupi kwenye ukurasa wa michezo kuhusu David Matoma, yule kijana wa Uganda anayerusha mpira kwenye timu za ligi ndogo za Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu ya besiboli Marekani, imenikaa kichwani. Nilifurahi kwanza maana gazeti la Kiswahili kuandika besiboli ni bahati, halafu nikamaliza kusoma nikajiuliza, sasa huyu dogo anaenda mbele au amekwama? Sijajua. Mmeweka kasi ya mpira wake, mmeweka kashinda ngapi kapoteza ngapi, mkamalizia na neno nyota, basi. Jamani, mrushaji wa ligi ndogo ukimpima kwa hivyo viwili utaliwa, iwe unamsifia au unamponda.

Kwa wasiojua huu mchezo, niseme kifupi tu. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, anarusha mpira, na mpira ukiwa na kasi ya maili 98 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 158, mpigaji ana kama nusu sekunde pungufu ya kuamua apige au auache. Akikosa mara tatu anatoka, hiyo ni straikauti. Mrushaji naye akirusha mipira minne ya ovyo nje ya eneo lake bila mpigaji kuihangaikia, mpigaji anatembea bure mpaka bezi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza, hiyo ni woki. Mtu akizunguka bezi zote akarudi nyumbani ni rani moja. Timu inapiga mpaka watu wake watatu watoke, hiyo kwa mrushaji ni iningi moja, na mechi kamili ina iningi 9. Na kabla ya ligi kuu kuna ngazi kibao: ligi ya vijana ya Jamhuri ya Dominika, za kwenye makambi ya Florida na Arizona, halafu Single-A, High-A, Double-A, Triple-A. Tangu 2021 kila timu kati ya zile 30 za ligi kuu ina timu nne kwenye hizo ngazi nne za juu, jumla 120, zote zimejaa vijana wanaorusha maili 95 na kuendelea. Kwa hiyo mkiniambia Matoma anarusha maili tisini na kitu za juu, sawa, ni kipaji kikubwa hasa kwa mtoto aliyekulia nchi ambayo mpira wenyewe ni wa miguu, ila huku hiyo ni tiketi ya kuingilia mlangoni tu.

Sasa niwape mfano wa mtu ambaye sisi wa maeneo ya Dallas tumemwona kwa macho yetu, Jack Leiter. Huyu ni mtoto wa Al Leiter, mzee aliyeshinda mechi 162 ligi kuu. Jack akiwa chuo cha Vanderbilt 2021 alikuwa moto wa kuotea mbali, straikauti 179 kwenye iningi 110, ERA 2.13, mwezi wa tatu mwaka huohuo akawafungia South Carolina mechi nzima bila kupigwa hata mpira mmoja wa maana, straikauti 16. Hiyo ERA ni wastani wa rani ambazo mrushaji anahesabiwa kuziruhusu kwa kila iningi 9, ndogo ndo nzuri. Texas Rangers wakamchukua wa pili nchi nzima kwenye drafti, ile zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, wakampa dola 7,922,500 za kusaini. Mtoto wa miaka 21.

Mwaka uliofuata wakampeleka moja kwa moja Frisco, Double-A, bila kupitishwa ngazi za chini hata moja. Frisco kwetu hapa ni karibu, uwanja mzuri, watu wanakuja na watoto, kuna mpaka bwawa la kuogelea nyuma ya uwanja, tiketi si ghali, na ukiwahi unakaa nyuma ya neti mstari mmoja na maskauti, wale wasaka vipaji, wenye zile bunduki za kupimia kasi. Msimu ulipoisha namba zake zikawa hivi: kashinda 3, kapoteza 10, ERA 5.54. Basi wee, maneno! Redio zikaanza, ooh pesa zimepotea, ooh jina la baba limembeba, ooh alikuwa wa chuo tu. Na ukiishia kwenye hizo namba tatu, kweli unaona mtu ameisha.

Ila mstari wa takwimu zake haujaishia hapo. Endelea upande wa kulia kidogo, unakuta iningi 92 na theluthi mbili, straikauti 109, woki 56. Haya, tulia hapo ufanye hesabu ya darasa la nne: 109 mara 9 gawa kwa 92.67, unapata 10.6. Yaani kwa kila iningi 9 anawatoa watu kumi na zaidi kwa mkono wake mwenyewe bila msaada wa mtu, na hii ni Double-A, ambako wapigaji wengi wamemzidi umri na wameshakaa ligi ndogo miaka. Hesabu hiyohiyo kwa woki inakupa 5.4, na hiyo sasa ni balaa, mrushaji wa kuanza mechi anatakiwa awe chini ya 4, akiwa mzuri chini ya 3. Kwa hiyo ule mstari ulikuwa unasema kitu kimoja kwa sauti kubwa tu kwa anayetaka kusikia: mpira anao, kuulenga hajui bado. Hamna mahali unasema ameisha.

Na ile 3 kwa 10? Ile ndo inanichekesha zaidi. Sheria inasema mrushaji aliyeanza mechi hahesabiwi ushindi mpaka amalize iningi 5. Jack mwaka ule alikuwa anatupa wastani wa iningi 4 kila akianza, kwa sababu woki zinakula mipira, akifika mipira 75 au 80 kocha anamtoa, ndo utaratibu wa kulinda mikono ya vijana. Sasa mtu anatoka iningi ya nne, timu ikishinda ushindi anapewa mwingine, timu ikifungwa akiwa ameiacha nyuma basi kipigo ni chake. Alikuwa anacheza mchezo ambao ushindi hawezi kupata ila kupoteza anaweza. Halafu gazeti linaandika kashinda 3 kapoteza 10 kama vile linatangaza matokeo ya uchaguzi.

Hata hiyo ERA yenyewe msiiamini kupita kiasi. Iko kama mabao anayofungwa kipa, kipa hodari mwenye mabeki vichochoro atafungwa nyingi na kipa wa kawaida mwenye ukuta mbele yake atamaliza msimu anaringa. Mwaka 2001 jamaa mmoja anaitwa Voros McCracken alitoa hoja iliyowakasirisha wengi, kwamba mpira ukishapigwa ukabaki ndani ya uwanja, mrushaji hana sauti kubwa kivile kama utadakwa au utaanguka, karibu 3 katika kila 10 zinaanguka kwa karibu kila mtu mpaka yule bingwa. Walimbishia, wakapiga hesabu wenyewe, wakarekebisha hapa na pale, ila mzizi wa hoja umesimama mpaka leo. Ndo maana watu wa timu siku hizi wanaanza na vitu vitatu ambavyo mdakaji wa pembeni hahusiki kabisa: straikauti, woki, na homurani, ule mpira uliopigwa ukatoka nje ya uwanja. Kuna mpaka kipimo chake kinaitwa FIP, hesabu zake zinatumia hivyo tu pamoja na waliogongwa na mpira. Na kwenye ligi ndogo hii ina maana zaidi kwa sababu wadakaji wenyewe ni vijana wanajifunza, wanaangusha mipira, wanakimbilia upande sio, na viwanja vingine taa zake na nyasi zake mh, tuyaache.

Kuna na suala la wapi anarushia. Triple-A ya upande wa magharibi ina timu ziko milimani, Albuquerque iko kama mita 1,600 juu ya bahari, Reno na Salt Lake nazo zimepita 1,200, hewa nyepesi, mpira ukipigwa unaenda tu, na kabu, ule mpira wa kupinda, haikunji vizuri. Watu wa Nairobi na Arusha watanielewa haraka. Mrushaji mwenye ERA ya 5 kule anaweza kuwa mzuri kuliko mwenye 4 kule ligi ya mashariki. Leiter 2024 alikuwa kwenye ligi hiyohiyo ya magharibi akiwa na Round Rock, timu ya Triple-A ya Rangers, akatoa ERA 3.51, straikauti 110 kwenye iningi 77. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu 13 kwa kila iningi 9. Na woki zilikuwa zimepungua. Mwenye macho aliona.

Lakini hapo katikati nimeruka kitu, na kwangu mimi hicho ndo kikubwa kuliko vyote. 2023 alirudishwa Frisco tena, ERA ikawa bado juu ya 5, straikauti nyingi, woki nyingi, yaani marudio. Katikati ya msimu Rangers wakamwondoa kwenye mechi kabisa. Si majeruhi, wamemtoa tu, wakamweka pembeni wiki kadhaa wamrekebishe namna anavyorusha, mguu unavyotua, mkono unavyotoka. Hizo wiki hamna namba. Ukifungua rekodi zake leo utaona pengo, mechi ya tarehe hii halafu mechi inayofuata mbali huko, na mtu asiyejua anapita tu. Kumbe maendeleo ya mrushaji mara nyingi yanatokea kwenye mapengo hayohayo, chumba cha mazoezi, kamera, kocha na kompyuta, mtu anarusha kwenye neti bila mpigaji. Takwimu zinakuja kutoa taarifa baadaye sana, miezi sita, mwaka. Ndo maana mtu anayesoma namba za msimu mmoja akatoa hukumu ni kama anasoma meseji ya mwaka jana, bora angenyamaza.

Na mkitaka kuona mapema kabla namba hazijaja, nendeni uwanjani mwangalie glavu ya mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji. Mi ndo naangaliaga hiyo, wala siangalii ubao wa kasi. Mdakaji anachuchumaa anaweka glavu chini nje kidogo, anaiacha pale, mrushaji anarusha. Kama mpira umeingia na glavu imesogea kidogo tu, huyo anajua anachofanya. Kama mdakaji ameweka glavu chini kulia halafu ananyanyuka kuudaka juu kushoto kifuani kwa mpigaji, hata kama refa kapiga straiki, hata kama mpigaji kakosa kwa kuogopa, huyo hajaulenga, umeenda tu unakotaka wenyewe. Leiter wa 2022 alikuwa na mipira mingi ya hivyo, ile fastiboli yake, mpira wa kasi, ilikuwa inapaa juu vizuri kabisa, wapigaji wanapiga hewa chini yake, kisha mipira mitatu inayofuata inaenda kwenye udongo mdakaji anahangaika nayo kwa magoti. Angalia pia mpira wa kwanza kwa kila mpigaji, unaingia au hauingii. Kwenye karatasi hakuna anayekuandikia hivyo vitu, na ndo vinavyozaa namba zote nyingine.

Haya, akapanda. Tarehe 18 Aprili 2024 mechi yake ya kwanza ligi kuu, Detroit, iningi 3 na theluthi mbili, rani 7. Msimu ule wote ligi kuu akamaliza na ERA 8.83 kwenye iningi 35 na theluthi mbili. Redio zikarudi tena, si tulisema! Mwaka uliofuata, 2025, akaanza mechi msimu mzima, iningi 151 na theluthi mbili, kashinda 10 kapoteza 10, ERA 3.86, straikauti 148. Huyo ndo yuleyule aliyeisha. Na kabla hamjaanza kumwita nyota nako, woki zake bado ni nyingi kwa kipimo cha ligi kuu, mi namwona ni mrushaji wa kuanza wa tatu au wa nne kwa ubora kwenye timu nzuri, mtu wa kazi, sio wa kwanza, labda zile woki zishuke tena. Alikuja na chenjiapu mpya, mpira wa polepole wa kumhadaa mpigaji, iliyomsaidia sana, tuone wapigaji wakishaizoea. Kwa mtu aliyechukuliwa wa pili nchi nzima kuna watakaosema hiyo ni hasara. Sio hasara. Wengi waliochukuliwa juu vile hawafiki hata hapo.

Brien Taylor mnamjua? Yankees walimchukua wa kwanza kabisa 1991, dola milioni 1.55, enzi hizo hela ya kutisha. Desemba 1993 akaingia kwenye ugomvi, bega likaumia, hakurusha ligi kuu hata mpira mmoja. Kumar Rocker, rafiki yake Leiter wa Vanderbilt, 2021 Mets walimchukua wa kumi halafu wakakataa kumsaini kwa wasiwasi wa mkono wake, 2022 Rangers wakamchukua wa tatu, 2023 kano ya kiwiko ikaharibika akafanyiwa ile operesheni ya kuitengeneza inayoitwa Tommy John, akafika ligi kuu Septemba 2024. Mkono wa mrushaji ni kitu cha kuvunjika, ndo maana huku kuna msemo wa wachambuzi kwamba hamna kitu kinaitwa mrushaji chipukizi. Mi nauona umezidisha, ila nikisoma mtu ameandika kijana wa miaka 19 atakuwa ligi kuu baada ya miaka mitatu, nacheka.

Na hiyo kasi mnayoipenda jamani, someni habari za Steve Dalkowski. Wazee waliomwona miaka ya 50 na 60 wanaapa hakuna aliyewahi kurusha mpira wa kasi kama yeye. Mwaka 1960 akiwa Stockton alipata straikauti 262 kwenye iningi 170. Mnaona ilivyo tamu? Woki nazo zilikuwa 262. Msimu wa 1957 Kingsport ndo kabisa, iningi 62, straikauti 121, woki 129, kashinda moja kapoteza nane. Alikaa ligi ndogo miaka tisa, na mwaka 1963 alipoonekana sasa anaelekea kupanda, mkono ukaumia kwenye mazoezi ya kabla ya msimu. Ligi kuu hakuikanyaga. Mweke karibu na Dwight Gooden, 1983, Lynchburg, Single-A, miaka 18: straikauti 300 kwenye iningi 191, woki 112. Hata hizo woki si chache, ila ni karibu tatu kwa moja, na umri ule kwenye ngazi ile, acha kabisa. Mwaka uliofuata hakupitia Double-A wala nini, alikuwa ligi kuu na Mets akapiga straikauti 276 na kuchukua tuzo ya mchezaji mpya bora. Wote wawili wangeandikwa kwenye gazeti lenu hivihivi, kijana mwenye mkono wa moto.

Sasa nirudi kwa huyu wetu, na nasema wetu ingawa mi ni wa Tanga, Uganda ni nyumbani tu. Waganda hawajaanza jana huu mchezo. Vijana wa Lugazi walicheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika pale, na 2015 timu nyingine ya Uganda ikawafunga Jamhuri ya Dominika palepale, nchi inayotoa wachezaji wa ligi kuu kila mwaka. 2022 Dodgers wakawasaini vijana wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Kwa hiyo Matoma hajaokotwa njiani. Ila rekodi zake mkizisoma mzisome mkijua mambo mawili ambayo kwa Leiter hayakuwepo.

Kwanza iningi ni chache. Mtoto wa Marekani au wa Dominika anafika umri ule akiwa ameshacheza mechi mamia, makocha tangu ana miaka saba, huyu wetu hana hiyo, na kwenye ngazi za chini vijana kama yeye wanalindwa, wanapewa iningi moja, mbili. Tuseme kijana ana iningi 20 ameruhusu rani 6, ERA yake ni 2.70, mnaandika anatisha. Kesho yake anaingia iningi moja mbaya, woki tatu, mdakaji wa pembeni kaangusha mpira ambao mwandika kumbukumbu kaamua kuuita hiti, yaani pigo halali, homurani, rani 5. ERA imekuwa 4.71. Jioni moja! Kijana ni yuleyule, mkono uleule. Straikauti na woki nazo zinayumba kwenye iningi chache, ila zinatulia mapema kuliko hiyo. Kwa hiyo kama mnaweza kuweka namba moja tu kwa nafasi mliyonayo, wekeni amewatoa wangapi na amewapa bezi ya bure wangapi kati ya wapigaji aliokutana nao, na mwaka jana ilikuwaje. Na umri wake, na ngazi aliyopo. Miaka 19 kwenye Single-A ni habari njema, 24 kwenye Single-A ni habari nyingine kabisa hata kama ERA ni 1.50.

Pili, uvumilivu haugawiwi sawa. Leiter alipewa karibu dola milioni 8, kwa hiyo alipoharibu miaka miwili mfululizo timu ilikuwa na sababu milioni 8 za kumsubiri, kumtoa kwenye mechi, kumjengea upya namna ya kurusha. Kijana aliyesainiwa kwa hela ndogo kutoka Kampala hana hiyo bima, akiharibu msimu mmoja na nusu wanamwachia, anapanda ndege, nafasi anapewa mwingine aliyetoka Venezuela jana. Tangu 2023 mkataba wa chama cha wachezaji umewapandishia mshahara, kima cha chini Single-A mwaka huo kilipanda kutoka dola 11,000 kwa mwaka mpaka 26,200, angalau sasa wanakula na wanalala vizuri, lakini ajira ni ileile ya leo upo kesho haupo. Mkiandika nyota kila wiki, siku akiachwa watu wa nyumbani watasema alilewa sifa, kumbe mfumo haukumpa muda. Mi hilo ndo linaniuma kuliko makosa ya namba.

Maskauti wenyewe wala hawatumii neno nyota. Wana kipimo cha 20 mpaka 80, 50 ni kiwango cha kawaida cha ligi kuu, na wanagawa kila aina ya mpira alama yake, fastiboli peke yake, slaida ile inayokata pembeni peke yake, chenjiapu peke yake, kulenga peke yake. Unakuta kijana fastiboli 70, kulenga 35, basi hapo umeelewa habari nzima kuliko makala ya kurasa mbili. Na wanaweka alama ya leo na alama ya anakoweza kufika. Mrushaji mwenye aina mbili tu za mipira mizuri mara nyingi anaishia kuingia iningi za mwisho, anarusha kwa nguvu zote iningi moja anatoka, na hiyo ni kazi nzuri ya heshima. Anayetaka kuanza mechi anahitaji mpira wa tatu na kulenga. Kwa nilivyoona na kusikia, kwa sasa Matoma namweka kwenye kundi la wa iningi za mwisho, na nitafurahi sana akinifanya nibadili mawazo. Ameshapita Bradenton, timu ya Single-A ya Pirates kule Florida, mahali ambapo Paul Skenes, mrushaji mkubwa wa Pirates, naye alipita kidogo 2023 kabla ya kwenda kuwa Skenes. Skenes alipita kama basi la mwendokasi, mwaka uliofuata yuko ligi kuu. Wengine Bradenton wanakaa misimu miwili na hamna ubaya wowote.

Mwisho la kiutendaji, ndugu mhariri, maana najua mtasema hamna mtu wa kufuatilia. Rekodi za mechi zote za ligi ndogo zinawekwa bure kwenye intaneti, matokeo ya kila mpigaji, na ngazi nyingine mpaka kasi ya mpira, haichukui dakika tano. Shida ni muda tu, mechi nyingi za jioni kule Florida zinaanza huko nyumbani ikiwa saa saba na nusu usiku, zikiisha ni saa kumi alfajiri na gazeti lenu limeshatoka mtamboni. Basi msihangaike na kila mechi. Toleo la Jumapili, mistari minne: iningi, straikauti, woki, ngazi na umri. Kama nafasi ni ndogo ondoeni ile picha ya mwaka jana ya mtu mwingine kabisa aliyevaa kofia ya Pirates, yule sio Matoma, ni mpigaji.

Msomaji wenu,
Plano, Texas